Kurasa Arobaini za Mwisho

Jumapili, Panda, Likasi. Mvua tangu alfajiri, na bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Asubuhi sikwenda misa. Nilimwambia mume wangu, Baba Odette, kichwa kinaniuma, akachukua watoto akaenda nao. Kichwa hakiniumi. Nina aibu, ndiyo ugonjwa wangu wa leo.

Treni ya watu wa Kasai imeondoka jana. Mwalimu Mbuyi yumo, mkewe Mama Ngalula yumo, watoto wao wanne wamo. Wameondoka bila unga wa njiani. Unga huo niliahidi kuupeleka mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sikuupeleka kwa sababu nilikuwa nasoma kitabu.

Haya, nimeliandika. Daftari hili ni la zamu la kiwandani, Baba Odette aliliokota siku walipofunga karakana yao. Upande mmoja wa kila karatasi una majina ya watu waliokuwa na kazi, upande wa pili ni mtupu, nao ndio wangu. Hakuna atakayelisoma. Kwa hiyo sina sababu ya kujipamba.

Mwalimu Mbuyi alikuwa jirani yetu hapa kambi ya wafanyakazi miaka tisa, ukuta kwa ukuta. Alifundisha Kifaransa sekondari. Mama Ngalula akikosa chumvi aligonga ukuta, nami nikikosa kiberiti niligonga. Odette wangu alijua kusoma nyumbani kwao kabla hajajua shuleni. Kisha wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Kwao wapi? Mwalimu alizaliwa Likasi. Baba yake alikuja kuchimba shaba, akachoka hapa, akazikwa hapa. Lakini jina lao ni la kule na jina letu ni la huku, basi wao wakafungasha na sisi tukabaki tunachungulia dirishani. Nilichungulia, ndiyo. Sikutoka nje hata kusema pole mpaka vijana walipopita.

Walihamia gare, stesheni ya treni. Nasema walihamia kwa sababu pale watu hawasubiri treni, wanaishi. Familia kwa familia chini ya plastiki na mashuka, kuni zinafuka kando ya reli, watoto wanakohoa, wazee wamelala juu ya magunia. Treni haziji. Vichwa vya treni vimekufa, mafuta hakuna, reli yenyewe imechoka. Sisi watu wa Likasi tumezoea hivyo hata tumefanya mzaha: siku hizi ukitaka kumkatalia mtu bila kumkosea unamwambia, utapata, treni ikija. Mimi mwenyewe nimewaambia watoto hivyo wakiomba nyama.

Mzaha huo ndio ulioniponza.

Asubuhi waliyohamia gare, Mwalimu alikuja kwangu na sanduku la bati kichwani. Alilitua hapa mlangoni, akafungua. Vitabu tu, vimepangwa vizuri kuliko nguo za harusi. Akaniambia, na nakumbuka kila neno:

"Mama Odette, minye sina nguvu ya kubeba karatasi. Batoto banataka kula. Uuzishe yote ku bamama ya karanga, pale Kikula, utuletee bunga ku gare."

Wanawake wa soko la Kikula wanaouza karanga wanahitaji karatasi za kufungia. Tangu ofisi zife, karatasi imekuwa adimu kuliko karanga zenyewe. Kitabu chembamba wanakupa kopo moja la unga wa mahindi, kinene makopo mawili, hawaangalii kimeandikwa nini. Mwalimu alijua hivyo kama sisi sote. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akinawa mikono kabla ya kufungua kitabu! Na sasa ananiambia vikafungiwe karanga. Hakulia. Alifuta kifuniko cha sanduku kwa mkono wa shati lake, akaenda zake.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mwema. Nilichukua vitabu vya sarufi na vya hesabu, nikavipeleka Kikula kwa Mama Feli, mwanamke wa kanisa la maombi ambaye karanga zake zinajulikana soko zima. Akanipa unga, nikaupeleka gare siku hiyohiyo. Mama Ngalula alinishika mikono miwili. Nilirudi nyumbani naimba.

Wiki ya pili mvua ilinikuta njiani na beseni la vitabu kichwani. Nilijikinga kwenye baraza ya duka lililofungwa. Mvua ikakazana. Sina la kufanya, nikachukua kitabu kimoja juu ya vingine, nikafungua katikati, hivihivi tu, kupitisha muda. Mvua ilikatika. Watu wakatoka, wakaendelea na safari zao. Mimi nikabaki pale. Niliponyanyua kichwa jua lilikuwa limeshashuka, wanawake wa karanga wanarudi kwao na mabeseni matupu, na beseni langu bado limejaa.

Mimi niliishia darasa la tano kwa masista. Halafu nikaolewa. Tangu hapo nimesoma nini? Gunia la unga, chupa ya dawa, kitabu cha nyimbo kanisani. Nilidhani Kifaransa changu kimekufa na meno ya utoto. Kumbe kilikuwa kimelala tu. Maneno yalianza kunirudia moja moja, na kila moja lililorudi lilinifurahisha peke yangu pale barazani hadi nikaona haya.

Tangu siku ile nikawa mwizi. Sitafuti neno lingine.

Nilifanya hivi. Nilivipanga vitabu mafungu mawili, vibaya na vizuri. Vibaya nilivipeleka Kikula. Vizuri niliviingiza chini ya kitanda, nikajisemea ninaviokoa. Eh, nilijipendeza kwa neno hilo! Ninaokoa vitabu visiraruliwe. Mtu angenisikia angedhani mimi ni padri mwenye maktaba.

Na raha niliyoipata, nisidanganye, sijawahi kupata nyingine kama hiyo. Katika miezi hii ambayo Baba Odette anakwenda kiwandani kukaa tu na kurudi mikono mitupu, katika nyumba hii tunayokula bukari, ugali wetu wa huku, mara moja kwa siku na majani ya matembele, mimi nilikuwa na mahali pa kwenda. Nilimaliza kazi haraka, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nikafungua. Njaa ilipungua. Kweli kabisa, tumbo lilinyamaza. Niliacha kugombana na mume wangu. Nilimwandikia mkurugenzi wa shule barua kuhusu Odette, aliyefukuzwa kwa ajili ya ada, barua ya Kifaransa safi, akamrudisha darasani. Nilianza kumwangalia kila mtu barabarani na kujiuliza ana siri gani ndani. Wanaosema vitabu vina faida hawasemi uongo. Vimenifaa sana.

Baba Odette alinisikia nacheka peke yangu siku moja. Akatoa kichwa dirishani:

"Weye na bitabu byako! Njaa inatuua na weye unacheka?"

Nikamwambia aniache. Hakuuliza vitabu vyangu vimetoka wapi. Alijua.

Kimoja kati ya vile vinene kilikuwa hadithi ya mama mmoja mwenye duka la vitambaa katika mji wa baridi. Dada yake wa tumbo moja anamdhulumu duka, anamfungia mlango, na yule mama anakaa barazani na mzigo wake, anasubiri afunguliwe, baridi inamla. Watu wa mtaa wanapita. Kila mmoja ana sababu ya kupita. Nililia juu ya kitabu hicho. Nilitukana wale majirani kwa sauti, hapa nyuma ya nyumba, hata kuku wakakimbia. Nilisema hawana roho, ni watu gani hawa wasioweza kumpelekea mwenzao sahani ya chakula!

Na mwendo wa nusu saa kutoka kigoda changu Mama Ngalula alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, kwenye mvua.

Sikuona. Naapa sikuona. Au niliona nikageuza ukurasa.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda gare na makopo mawili tu. Mwalimu aliangalia mfuko, kisha akaniangalia mimi. Amekonda, kola ya shati inamzunguka shingo. Nikasema haraka kabla hajauliza:

"Karatasi imekuwa mingi ku soko, Mwalimu. Bamama banakataa."

"Bon," akasema. "Haina neno. Utajaribu tena."

Halafu, kwa upumbavu wangu, kabla ya kuondoka nilimuuliza maana ya neno moja. Neno la washonaji, liko katika kitabu cha yule mama wa duka, lilikuwa limenisumbua siku mbili. Lilinitoka tu mdomoni. Mwalimu aliweka mfuko wa unga chini. Kisha akanieleza, taratibu, kwa mikono, anakunja pindo la shati lake kunionyesha, kama tuko darasani. Alikuwa anatabasamu. Mtoto wake mdogo alikuwa analamba mfuko wa unga hapo chini ya miguu yetu.

Alijua, basi. Tangu siku hiyo alijua vitabu viko wapi.  Afadhali angenitukana.

Alhamisi wakatangaza mabehewa. Mama Ngalula alinitumia habari kwa mtu wa kambini: treni Jumamosi saa nne, tafadhali tuletee unga wa njiani, safari ni ndefu. Nikajibu nitakuja, Jumamosi mapema. Ijumaa nilipeleka Kikula vitabu vitano, vitano vizuri, nikivishika kimoja kimoja, nikarudi na makopo kumi. Nilifunga unga katika kitambaa, nikauweka mezani. Nilikuwa tayari. Mtu asiseme sikuwa tayari.

Jumamosi niliamka, nikafagia, nikaoga. Unga mezani. Na kando ya unga, yule mama wa duka la vitambaa, zimebaki kurasa arobaini. Nikawaza: walishatangaza mabehewa mara tatu, mara tatu hayakuja. Treni ya saa nne ya Likasi ni treni ya Jumanne ijayo. Kurasa arobaini ni nini? Nikakaa.

Mtu wa mji mwingine asingefanya kosa hilo. Angesikia treni saa nne, angekimbia. Sisi tumezoea kila kitu kuvunjika hata tumeanza kukitegemea kivunjike.

Nilisikia honi. Nakumbuka vizuri, nilikuwa ukurasa ambao mlango unafunguliwa. Nikajisemea ni kiwandani, wanajaribu mtambo. Kiwandani hawajajaribu mtambo tangu Pasaka. Nilijua hivyo pia, na nikaendelea kusoma mpaka neno la mwisho, nikafunga, nikavuta pumzi, nikafurahi kwa ajili ya yule mama.

Kisha nikatwaa unga nikaenda.

Pale walipokaa kina Mwalimu palikuwa na majivu na matope. Nilisimama pale na mfuko wangu. Mabehewa hayakuwatosha wote, na familia nyingi zimebaki bado, zimesogea kuchukua nafasi za walioondoka. Karibu na jiko lao palikuwa na mama mmoja, Mama Mado, na watoto watatu na mama yake mzee asiyeona. Alinitazama juu mpaka chini.

"Weye njo Mama Odette wa Panda?"

Nikaitika.

"Bamekungojea sana," akasema. "Mama Ngalula alikuwa anaangalia barabara mpaka treni ikatembea."

Nikageuka nikarudi nyumbani. Na unga. Niliurudisha nyumbani unga! Sikumwachia yule mama, sikuwaachia wale watoto, nilikimbia tu macho yake kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Jana usiku tulikula unga ule. Baba Odette alisema bukari imekuwa nzuri. Mimi sikumeza.

Ndiyo maana leo sikwenda misa. Baba Odette na watoto walipoondoka, nilipiga magoti, nikavitoa vitabu vyote vilivyobaki chini ya kitanda. Kumi na viwili. Nikavitia kwenye beseni bila kuangalia majina, nikafunika plastiki, nikabeba begani unga uliobaki wa jana, nikaenda Kikula kwenye mvua. Siku hizi soko halijui Jumapili.

Mama Feli alikuwa ametoka kanisani, amevaa vizuri, anachochea makaa. Nikamwaga beseni lote mbele yake. Alivipokea kimoja kimoja, anapindua, anapima unene kwa vidole, anaweka kando. Nilisimama wima. Nilijiambia leo hakuna mizani, leo hakuna vibaya na vizuri.

Alipofika kwenye kimoja chenye jalada la kijani, nikanyoosha mkono nikakichukua.

"Hiki hapana," nikasema.

"Eh, mama! Unabakisha?" Akacheka. "Bon. Basi naondoa makopo mbili."

"Ondoa."

Sijui kwa nini hicho. Sikuwa nimekifungua hata mara moja. Labda ni kwa sababu hiyo.

Nikakificha ndani ya kitenge, kiunoni, nikafunga vizuri kisilowe. Nikajitwika unga wote, nikaenda moja kwa moja gare, kwa Mama Mado. Niliuweka miguuni pake. Nikamwambia ni wa Mwalimu Mbuyi, lakini Mwalimu ameondoka, basi uwe wenu.

Hakuamini kwanza. Alifungua kitambaa, akatia mkono, akamwita yule bibi asiyeona akamshikisha mkono unga ili ajue ni kweli. Watoto wakasogea. Kisha akapiga magoti palepale kwenye matope, mtu mzima wa umri wangu, akanishika miguu. Nikamwambia inuka, mama, inuka, tafadhali. Hakuinuka.

"Jana Mwalimu alisema utakuja," akaniambia. "Mpaka ndani ya behewa alikuwa anasema. Mukewe analia, yeye anasema, atakuja yule, muntu mwenye anasoma bitabu hawezi kuacha mwenzake. Minye nilimucheka. Unisamehe, mama. Kumbe ni kweli."

 Kitabu kilikuwa kimenibana kiunoni, kona yake inanichoma kila nikipumua. Nikaitikia kwa kichwa, nikapokea shukrani, nikaondoka.

Sasa ni alasiri. Mvua imepungua. Baba Odette na watoto wako kwa shemeji yangu, nyumba ni yangu peke yangu. Kabla ya kufungua daftari hili nilikifungua kitabu cha kijani. Ni habari ya mwanamume mfuga nyuki aliyefiwa na mkewe, anaishi mlimani, hataki kuona mtu. Nilitaka niandike hapa kwamba maneno yalinikataa, kwamba nilimwona Mama Ngalula katika kila mstari nikashindwa kuendelea. Ingekuwa vizuri kuandika hivyo. Lakini nilisoma sura mbili bila kusimama, nikamsahau Mama Ngalula, nikamsahau mumewe, nikasahau jana yote.

Makopo mawili ni chakula cha siku mbili cha wale watoto watatu na bibi yao. Naijua hesabu hiyo bila kuambiwa. Naweza kuvaa viatu sasa hivi, Mama Feli bado yuko sokoni.

Ni kitabu kizuri. Sijainuka.